Vikaratasi vya Miezi Saba

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Leo naitoa salamu hii nikiwa nimeinama kweli, si kwa mdomo tu. Je, kifua kimetulia? Kaka aliniambia kikohozi cha asubuhi kimepungua tangu uhamie chumba cha mbele, kile chenye dirisha linalofunguka. Na viganja vyako je? Zile sugu bado zinakwaruza ukikunja shuka, au dawa ya kupaka imezilainisha? Wajukuu zako nao hawajambo? Nasikia bado unamkagua wifi sufuria zake kama umetumwa na serikali, na yeye anacheka tu. Mshukuru Mungu kwa wifi huyo.

Sisi huku tu wazima, kwa mtu anayetutazama kutoka nje. Mkwe wako yupo kibandani kwake na viatu vyake, bado anaimba akipiga misumari, na bado hajui kuimba. Mimi ndiye ambaye silali vizuri wala chakula hakishuki, na ndiyo sababu ya barua hii.

Utaona nimeandika herufi kubwakubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Sababu yake utaikuta mbele. Sikutaka kukupigia simu, maana simu yako unaiweka sauti ya juu na kuishika mbali na sikio kama kitu kinachouma, na nyumba nzima inasikia. Nimemwomba kaka akusomee mkiwa wawili, mlango umefungwa, na asiruke mstari hata mmoja. Kaka, nakujua. Usiruke.

La kwanza, mama: usije Jumamosi. Najua umeshafunga begi na kuwaaga majirani, na wengine wamekupa salamu za kuleta. Ahirisha. Waambie chochote, waambie mwanao mdogo kapatwa na jambo, maana nimepatwa kweli. Nitakueleza yote tangu mwanzo ili usije ukasikia kwa watu.

Unakumbuka siku ile wapimaji walipokuja kisimani kwetu na masanduku yao. Walituambia kuna arseniki ndani ya maji, kwamba imetoka kwenye miamba ya chini huko, haina harufu, haina ladha, na ukiyachemsha maji haiondoki. Marehemu baba alicheka. Aliwaambia maji hayo kayanywa miaka arobaini na bado anawashinda vijana kunyanyua magunia. Wakati huo viganja vyake vilikuwa vimeshakuwa vigumu kama gome, na yale madoadoa ya mgongoni ulikuwa ukiyaita uzee. Kisha kidonda kikatoka, kisha mapafu, na mengine huna haja ya kukumbushwa na mimi. Baada ya msiba ulifunga mizigo ukaenda kwa kaka, na ukiwa mlangoni uliniambia kwamba hutarudi kunywa kilichomuua mumeo mpaka mimi, kwa kinywa changu, nikuambie maji yamekuwa maji.

Maneno yale niliyabeba, mama. Walipojenga ile nyumba ya chujio pale penye kisima kirefu, wakatafuta mtu wa kuisimamia, nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, mwanamke pekee kati ya wanaume sita. Mhandisi wa maji alinifundisha kwa wiki mbili. Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Kuna mapipa mawili makubwa ya chuma, marefu kuliko mtu. Ndani yake wamejaza chengachenga nyekundu za kutu, kama mchanga mzito. Maji yakipita humo, ile sumu inaganda kwenye chenga na maji yanatoka bila yake. Lakini chenga nazo zina mwisho. Zikishashiba zinaacha sumu ipite, na hapo ubaya wake ni kwamba hakuna kinachobadilika. Maji yanatoka yaleyale, meupe, baridi, matamu. Pipa lililoshiba halinuki, halilii, halivuji. Kitu pekee kinachoweza kukuambia ni kile kipimo cha chupa.

Nikueleze kipimo, kwa sababu kila kitu kimesimama hapo. Unachukua maji yaliyochujwa kwenye chupa ndogo, unatia unga wa kwanza, unatingisha. Unatia unga wa pili, yanaanza kutoa povu kama soda. Haraka unafunika kwa kifuniko chenye tundu, na kwenye tundu umeshapachika kikaratasi cheupe cha duara, kidogo kama kifungo cha shati. Hewa inayopanda kutoka kwenye maji inakipitia. Unasubiri dakika ishirini. Kama sumu haipo, kikaratasi kinabaki cheupe. Ikiwapo kidogo kinapata manjano, ikizidi kinakuwa rangi ya chai ya maziwa, ikizidi sana kahawia. Unakilinganisha na kadi ya rangi iliyotundikwa ukutani, unaandika ulichokiona kwenye daftari, na kikaratasi chenyewe unakibandika pembeni ya maandishi yako na kukifunika kwa nailoni, kwa kuwa nacho kina sumu yake. Kila Jumatatu na kila Alhamisi. Kikianza tu kupata manjano unamwita mhandisi, chenga zinabadilishwa.

Mwaka wa kwanza nilifanya hivyo na zikabadilishwa kwa wakati. Watu wakaanza kuniita Fundi Maji. Hata wazee waliokuwa wakinipita barabarani bila kunijibu salamu wakawa wanavua kofia. Sikufichi, nililipenda jina hilo. Nilitembea nalo kama mtu aliyevaa gauni jipya.

Sasa sikiliza yaliyotokea wiki tano zilizopita.

Ilikuwa Alhamisi, kama saa nne asubuhi. Bomba la kliniki ya wajawazito lilikuwa limepungua nguvu, na muuguzi wao akaja mwenyewe na ndoo mbili kuchota pale kwenye chujio. Ni yule mrefu, mwenye sauti ya chini, aliyemhudumia baba siku za mwisho. Aliketi kwenye benchi kupumzika wakati mimi nafungua kifuniko cha chupa. Nilikitazama kikaratasi, nikakibandika, nikaandika "nyeupe". Yeye alikuwa ameinuka, anachungulia juu ya bega langu. Akaniuliza kwa utani kama kwetu nyeupe siku hizi ndiyo inakuwa hivi. Nikamuuliza anaona rangi gani.

"Dada," akasema, "hiyo ni chai ya maziwa. Tena iliyokolea."

Mama, niligeuka nikakitazama tena. Nilikiona cheupe. Nikakisogeza dirishani kwenye mwanga, nikakiona cheupe kilichochoka kidogo, kama shati lililofuliwa mara nyingi. Yeye hakujua rangi ile ina maana gani. Alidhani nimekosea mstari tu. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Badala yake nilicheka nikamwambia kwamba hicho ni cha maji ya kabla ya kuchuja, nimechanganya chupa. Akacheka na yeye. Akajitwika ndoo moja, nyingine akaishika mkononi, akaondoka nazo kwenda kwa wanawake wenye mimba, na mimi nilisimama mlangoni nikimtazama mpaka akakata kona.

Siku ile yote sikufanya kitu cha maana. Nilijiambia muuguzi amechoka, amekesha zamu. Nilijiambia dirisha lina vumbi. Nilirudia kipimo mara tatu na mara zote tatu niliona kile ninachoona. Kila mtu aliyekuja kuchota nilimtazama mdomo. Kuna mtoto wa jirani aliyekinga kiganja chini ya bomba akanywa palepale, akajifuta kwa mkono, akanisalimia.

Jumamosi adhuhuri nililichukua daftari, nikalifunga kwenye kitenge, nikaenda kibandani kwa mkwe wako. Hakukuwa na mteja. Nikamwambia aache kiatu alichoshika, anisomee rangi. Alidhani ni mchezo. Unamjua, hajui kuanza jambo lolote bila mzaha. Akavaa miwani yake ya kazi, akafungua ukurasa wa mwezi wa tatu, akaanza kusoma kama mwalimu anayeita majina darasani.

"Nyeupe. Nyeupe. Nyeupe. Hii nyeupe." Akageuza. "Nyeupe. Hii kama ngozi ya kondoo iliyooshwa, si nyeupe sana. Hii nayo hivyohivyo." Akageuza tena. "Manjano. Manjano. Hii gundi. Gundi. Gundi kavu."

Nilikuwa nimeketi kwenye kile kigoda cha wateja, mikono nimeibana katikati ya magoti. Yeye bado anatabasamu, anatafuta rangi za kunichekesha. Alipofika mwezi wa nane akasema ngozi mbichi. Mwezi wa tisa akasema ngozi iliyopakwa mafuta. Kisha akafika kwenye kile cha Alhamisi. Akakisogeza karibu na jicho, akasema polepole kwamba hii ni rangi ya soli. Ndipo akahamisha kidole kutoka kwenye kikaratasi kwenda kwenye maandishi yangu pembeni, akayasoma, na akarudi nyuma ukurasa mmoja mmoja akisoma maandishi peke yake. Nyeupe. Nyeupe. Nyeupe. Miezi saba.

Alivua miwani. Hakunipigia kelele. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama na sisi tumekuwa tukiyanywa. Nikamwambia ndiyo, mimi, yeye, na kila mtu kuanzia kona ya shule mpaka kliniki. Akalichukua kopo lake la maji lililokuwa juu ya meza ya kazi, akalitazama ndani muda mrefu, akalimwaga nje mlangoni kwa uangalifu, kama mtu anayemwaga maji ya moto.

Jumapili nilimpigia mhandisi. Yeye huja mara moja kila miezi mitatu, anatia sahihi chini ya ukurasa wa mwisho na kuondoka, na sikumbuki siku hata moja aliyofungua kurasa za ndani. Nilimweleza. Akaniambia nisiwatie watu hofu bure, kipimo cha chupa si mahakama, atakuja kuchukua maji ayapeleke maabara, majibu huchukua siku tisa au kumi, na mpaka hapo mabomba yaachwe wazi kama kawaida. Nilimuuliza watu wanywe nini hizo siku kumi. Akasema wamekunywa miezi saba, siku kumi haziongezi kitu.

Maneno yale yaliniogopesha kuliko kikaratasi. Nilitambua kwamba yeye anaogopa kama mimi, na watu wawili wenye hofu tukishikana mikono hakuna atakayefungua mdomo.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilifika kwenye chujio kabla ya foleni kujaa. Nilizungusha koki kubwa mpaka ikagoma, nikatia kufuli, ufunguo nikauweka kifuani. Kisha nikatoka nje nikasimama mbele ya watu na ndoo zao. Nilisema maji haya yana ile sumu tena, chujio limeshiba, msinywe, msipikie, hata mliyonayo nyumbani myamwage. Mtu mmoja nyuma akadhani nafanya mzaha akasema Fundi Maji ameamka na jambo lake. Watu wakacheka kidogo. Nikarudia. Safari hii hawakucheka. Mwenye hoteli ya kona akaniuliza tangu lini. Nikajibu.

Nilitegemea makelele, mama. Nilikuwa nimejiandaa kwa mawe. Kilichokuja ni ukimya, na katika ukimya ule nilisikia watu wakihesabu. Kila mmoja alikuwa anarudi nyuma miezi saba kichwani mwake: nani kazaliwa, nani kaumwa tumbo, nani kaachishwa ziwa akaanza maji. Mwanamke mmoja mwenye mimba kubwa alikaa chini pale aliposimama, ndoo ikabingirika. Makelele yalikuja baadaye. Ndoo moja ilirushwa ikanipiga bega, haikuniumiza sana. Mkwe wako alikuwa amefunga kibanda akaja kusimama kando yangu na nyundo yake mkononi, na sijui kama alijua kwamba ameishika.

Siku ya pili mhandisi alikuja mbio, kwa sababu watu walikuwa wameshapiga simu kwa wakubwa wake na kwa wakubwa wa wakubwa wake. Yeye na wenzake walichukua maji kwenye chupa sita. Majibu yalirudi siku ya tisa: mara tisa ya kiwango kinachoruhusiwa. Tangu hapo maji yanaletwa na lori asubuhi na jioni. Chenga za zamani zimetolewa. Niliomba mwenyewe kuingia pipani kuzichota, na walinikubalia maana hakuna mwingine aliyetaka. Walinipa glavu, buti na kifuniko cha pua, nikashuka kwa ngazi. Ndani kuna giza na kutu, pumzi yako mwenyewe inakurudia masikioni. Nilikuwa nimesimama juu ya sumu ya miezi yote ile, imejikusanya chini ya miguu yangu, na ukizichota kwa koleo ni mchanga tu. Nilizitia kwenye madebe yenye vifuniko vya kubana, wakayapakia wakayapeleka wanakojua wao. Nilipotoka nilioga mara nne.

Siku ya nne tangu nifunge koki, yule muuguzi alikuja nyumbani. Nilimwona akivuka barabara nikataka kujificha chumbani, nikapiga moyo konde nikafungua mlango. Hakukaribia kiti. Alitoa karatasi mfukoni, akaniambia nikae, akanisomea majina ya wanawake kumi na tisa na miezi ya mimba ya kila mmoja. Alisoma taratibu. Alipomaliza nikafungua mdomo kumwomba radhi. Akasema hakuja kutafuta jibu, amekuja ili niwajue. Akaikunja karatasi akaondoka. Wanawake hao sasa wanafuatiliwa na daktari kila wiki. Daktari anasema miezi saba si miaka arobaini, kwamba miili mingi itautoa uchafu huo yenyewe sasa maji yamebadilika, ila kwa walio tumboni hawezi kuapa. Wawili wameshajifungua salama. Kumi na saba bado. Kila nikisikia gari likisimama kwa ghafla mbele ya kliniki, natoka mlangoni kutazama.

Sasa nimefika pale nilipokuwa napazunguka tangu nianze kuandika. Kaka, kama umechoka pumzika, halafu endelea.

Watu wote, mkwe wako pamoja nao, wanaamini kwamba macho yangu yaliharibika bila mimi kujua. Wananionea huruma kidogo kwa hilo. Si kweli. Mwezi wa pili, kabla ya kikaratasi cha kwanza kubadilika rangi, daktari wa macho alipita kliniki na nikaenda kupimwa kwa sababu nilikuwa naona taa zikiwa na ukungu. Akaniambia nina mtoto wa jicho, macho yote mawili. Akanieleza kwamba kitakachonipotea mapema ni rangi hafifu, hasa manjano, nitakuwa naiona kama nyeupe. Alisema hivyo kwa kinywa chake, mama. Akaniandikia karatasi ya kwenda hospitali kubwa kupasuliwa. Niliikunja nikaichana nikiwa njiani, kabla sijafika nyumbani.

Niliogopa. Nilijua nikisema tu sioni rangi, siku hiyohiyo atawekwa mwingine, na mimi nitarudi kuwa yule niliyekuwa. Niliogopa pia kisu kwenye jicho. Basi nikawa ninakisogeza kikaratasi kwenye mwanga, ninakodoa, na nikipata shaka ninatazama nilichoandika wiki iliyopita na kuandika hivyohivyo. Nilikuwa ninanakili, mama. Mwezi wa tano nilipokuandikia kwamba maji yamekuwa maji, kwamba nimeyapima kwa mkono wangu, rudi nyumbani, nilikuwa ninajua kwamba siwezi kuona kama ninasema kweli. Nilitaka sana iwe kweli. Nilitaka uingie kwenye lango lile, unywe kikombe cha maji yaliyomshinda baba, uniambie nimeweza.

Na wewe ulinijibu kwamba utakuja kifua kikipona, ila kwa kuwa maji ya huko kwa kaka yana chumvi na chai yake haikupi raha, nikuletee ya nyumbani. Nikakuletea. Madumu mawili kila baada ya wiki mbili, nikiyafunga mwenyewe na kumkabidhi kondakta wa basi mkononi. Uliwakataza hata wajukuu kuyagusa, ukasema ni ya bibi. Kila ulipopokea ulipiga simu kunishukuru, na ukaniambia ladha yake inakurudisha ujanani.

Mwezi uliopita kaka alikuambia madumu yameota ukungu, akayamwaga yote uani, ukamkasirikia ukanuna siku mbili. Haukuwa ukungu. Mimi ndiye niliyempigia siku ile niliyotoka kibandani kwa mkwe wako, nikamwomba ayamwage na akudanganye mpaka nipate nguvu ya kuandika. Alilia kwenye simu. Usimlaumu, alifanya hivyo kwa ajili yangu, na halikuwa jambo la haki kumwomba.

Mwili wako ulikuwa umeshajaa sumu ile miaka mingi, mama, na ulikuwa umeanza kuitoa. Mimi nikairudisha, dumu kwa dumu. Daktari wa huku nilimweleza habari zako bila kumwambia kwamba ni mama yangu. Alikunja uso. Alisema mtu kama huyo asingoje, apimwe mkojo, nywele na kucha, apigwe picha ya kifua, haraka. Ndiyo maana kaka amekuambia Jumanne anakupeleka hospitali kupimwa sukari. Huendi kwa ajili ya sukari.

Nenda. Hata kama umeapa kutozungumza nami tena, nenda. Waambie miaka yote uliyoyanywa, na waambie na hii miezi yangu, usinifiche. Ukiulizwa aliyekupa, sema ni mwanangu.

Mimi nimeondolewa kwenye kazi ya kupima, ni haki yao. Wiki ijayo kuna mkutano, nitasimama niwasimulie habari ya karatasi ya daktari wa macho kama nilivyokusimulia wewe. Mkwe wako atalijua hili leo jioni, nimekata shauri asikie kabla sijaipeleka barua posta. Sijui watanifanya nini, na sijui yeye atanitazamaje mezani. Macho yenyewe nitapasuliwa mwishoni mwa mwezi, kama watanikubalia kwenda.

Nisalimie wifi, umwambie nimekosa uso wa kumpigia. Wabusu wajukuu, na umpe kaka mkono kwa niaba yangu, maana najua hapo alipo sauti yake haiko sawa. Mungu akulindie kifua chako na kila kilichomo.

Jumanne nitashinda nimeishika simu mkononi. Ukitaka kunitukana nitukane, nitasikiliza mpaka uchoke. Ninachoogopa ni simu ikilia halafu asiwe wewe.

Mwanao, kitinda mimba wako